Wamemfukuza Dada wa Seva

Mwenzangu, wamemfukuza dada wa seva! Sasa hivi, mbele ya ofisi nzima!

Asubuhi wadukuzi wamefunga seva zetu pepe zote, zile zinazoendeshwa ndani ya mashine moja. Na nakala za akiba zimekwenda, maana zilikaa kwenye mashine ileile. Bosi wake akamruka kimanga: "Muulizeni huyu, ni kazi yake!"

Dada akafungua barua pepe aliyomwandikia bosi mwezi wa tatu: nakala zihamishwe, nywila ya kusimamia seva ibadilishwe. Bosi alimjibu, "Acha kututisha."

Mkurugenzi akaisoma yote. Yote, nakwambia! Dada akashusha pumzi.

"Kumbe ulijua," mkurugenzi akamwambia. "Na ukaandika mara moja tu?"

Sasa anakusanya vitu vyake. Bosi anamshikia boksi, meno yote nje.