Kompaila ya Mayai ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaleta habari njema. Habari njema za Bosi nazijua — huwa zinaishia mgongoni kwangu. Kapata chipu za bei ya kutupa, vile vibongo vya kuendeshea mashine, na moja tayari iko ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga tunayoijaribu. Programu ya muuzaji iliyomo inageuza mayai vizuri, ila haijui kuacha. Na siku za mwisho mayai hayageuzwi! Kifaranga anatafuta mlango, wewe unambiringisha. Lazima niandike programu mpya kabla ya Jumamosi.

Nikauliza, kompaila ya chipu hii iko wapi? Bila hiyo, ninachoandika kwenye kompyuta chipu haikielewi ng'o. Bosi: "Si utaijenga?" Kama vile ni banda la kuku.

Mashine yenyewe iko sebuleni kwetu. Mayai ni ya Shangazi — ya mwisho ya Bibie, mtetea wake aliyegongwa na pikipiki. Mbegu ile haipo tena. Na Shangazi kishatangaza mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yake hashindwi. Sina pa kukimbilia.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Shangazi kazi yenyewe. Kwanza najenga kompaila ndogo. Hiyo ndogo inajenga maktaba, yaani vipande ambavyo kila programu huazima. Halafu kwa maktaba hiyo najenga kompaila kubwa. Kanisikiliza kwa heshima zote. Halafu kauliza: kwa hiyo natengeneza sufuria, nipikie sufuria, ndipo nipike? Ndiyo, Shangazi. "Na wageni wanakula saa ngapi?"

Kompyuta nimeiambia igawe kazi kwa vibarua kumi na sita. Uwezo wake ni vibarua wawili, tena wasiogombana. Ikaganda. Nimeanza upya, taratibu. Feni inatoa joto mpaka Shangazi kaanika soksi pembeni yake.

Jumatano, 5 Machi

Kompaila ndogo imekamilika! Nimecheza jikoni peke yangu. Si peke yangu — jirani alikuwa dirishani.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Maktaba ilikuwa tayari, imebaki kusakinisha tu. Kompyuta ikaninyima ruhusa. Mimi ninyimwe ruhusa na kitu nilichokinunua mwenyewe? Nikajipa mamlaka yote, nikaamuru. Ikatii! Ila sikuiambia isakinishe kwenye folda gani. Basi ikaichukua maktaba ya chipu, ikaiweka mahali pa maktaba yake yenyewe. Tangu hapo kompyuta inadhani ni mashine ya vifaranga. Nikiiomba orodha ya mafaili: haiwezekani. Nikiiomba ijizime: haiwezekani. Hata kufa haijui tena.

Nikampigia Solda, mwenzangu wa karakana anayeunganisha nyaya. Kacheka mpaka kapaliwa. Eti nimeing'oa kompyuta meno nikaipa mdomo wa kuku. Halafu: "Usimwambie Bosi. Nitamwambia mimi, nataka nimwone uso." Rafiki huyo!

Kunisaidia kanisaidia lakini. Kaniazima kompyuta yake — kikongwe, kinakohoa kikiwashwa. Nimeanza tena mwanzo. Safari hii folda nimeiandika, nikaisoma kwa sauti, nikamwita Shangazi naye aisome.

Jumamosi, 8 Machi

Leo mayai yalitakiwa yatulie. Kompaila kubwa bado inajengwa. Mistari inapita kwenye kioo mmoja mmoja, kama wazee wanaotoka mkutanoni.

Tuchomoe waya wa mota inayogeuza trei ya mayai? Muuzaji kaona mbali: mota isipokuwepo, mashine inazima joto. Eti usalama. Usalama wa nani sijui. Tukajaribu kukwamisha trei kwa mwiko. Ukateleza, nusura upasue yai. Hapo Shangazi akakunja mkono wa gauni, akapitisha mkono kwenye tundu la kuwekea maji, akaishika trei. Mota ikanguruma, ikasukuma, ikachoka, ikaacha. Mashine inajua mota ipo. Haijui kwamba imeshindwa nguvu na Shangazi.

Kila saa inajaribu tena. Kila saa mkono unaingia. Tunapeana zamu. Zamu yangu Shangazi haiamini, anakuja kunisimamia.

Jumatatu, 10 Machi

Imekwisha! Kompaila kubwa imekwisha! Nimeijaribu kwa programu ya mistari michache kwenye chipu ya akiba: taa iwake, taa izime. Ikawaka. Ikazima. Nimelia. Kweli nimelia, kwa ajili ya taa isiyozidi punje ya mtama.

Nikaandika programu ya mashine. Nimeisoma mpaka macho yanauma. Sasa kuiweka tu. Nikikosea, joto linakatika na mayai ya Bibie yanapoa. Kidole kiko juu ya kitufe. Hakishuki. Tangu Alhamisi sikiamini kidole hiki.

Nimemwambia Shangazi tungoje tu. Tuendelee kushika trei mpaka vifaranga waanguliwe, keshokutwa watakuwa wametoka wote. Kuna ubaya gani? Mkono wake uko ndani mpaka kiwiko, umevimba. Kasema yeye kashika trei, hakushika kazi yangu. "Bonyeza, mwanangu."

Na nikiwaua je?

Basi tutalia wawili, kasema. Lakini hakumtangaza mtoto wa kaka yake mtaa mzima ili aje ashike trei.

Solda kapiga simu: Bosi yuko njiani na wanunuzi, wanakuja kuiona mashine. Nimekata simu. Naandika hapa kwa sababu kuandika si kubonyeza.

Sasa kuna sauti humo ndani. Nyembamba. Shangazi kakata sentensi katikati, katega sikio — jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Yai la mbele lina ufa. Kitu kinasukuma kutoka ndani, kinapumzika, kinasukuma tena.

Na mota nayo imeanza kunguruma. Bado saa haijafika! Shangazi kauma meno, trei inatetemeka. Ananitazama mimi, hatazami yai.

Naweka kalamu chini.