Reli ya Kupinda kwa Mkono

Rumonge, Jumanne

Bado namshuku Consolate. Binti yangu huyu hajawahi kujali treni zangu ndogo za mezani, za kuchezea, lakini tangu tulipotoka kwa daktari leo asubuhi ananihimiza ninunue reli za vipande, zile za duara.

"Papa, hii iko tayari. Unaunga tu, kesho treni inatembea."

Nikamwambia nataka ile ndefu, ya kupinda kwa mkono, nitengeneze kona ya kuingia stesheni ya Kigoma kama nilivyoiona miaka yote ya ukimbizi. Ni kazi ya miezi.

"Miezi ya nini, muzee mubishi wewe?" Akacheka, kisha akageukia sufuria na kukoroga maharage yaliyokwisha kuiva.

Daktari alimwita pembeni. Alimwambia nini?

Nikamtega. "Haya, agiza ya duara."

"Nitaagiza zote mbili, Papa."

Consolate, anayebishania bei ya ndagala, visamaki vya ziwani, mpaka muuzaji anune, anunue mbili!

Basi nimejua daktari alimwambia nini: miezi hiyo sina. Ninaogopa, na naandika hapa kwa sababu mbele yake siwezi kusema.

Reli ndefu ikifika, nitamfundisha kuipinda. Lazima mtu mwingine ajue ile kona inaishia wapi.