Ncha za Risasi za Verlyn

Lewistown, Montana
Julai 9

Mdogo wangu Ardis,

Goti lako vipi? Huku mvua ya mawe imenilazia njegere zote.

Verlyn bado anashinda gerejini. Anabana ncha za risasi mojamoja kwenye kimashine alichojitengenezea, ziwe kali kama sindano, upepo usizisukume. Kisha anazipima, na isiyompendeza anaitupa.

Kila Jumamosi twenda kulenga shabaha. Yeye anapiga, mimi natazama kwa darubini na kumwambia ilipotua. Ardis, risasi hazina kosa. Ni mkono wake unaotetemeka. Hata kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili. Daktari alituambia mwezi Machi kuwa kutetemeka huko hakutapona, na tangu siku hiyo mume wangu hajalitaja jambo hilo.

Mwezi uliopita nilianza kumdanganya. "Katikati," nilisema, na shimo lilikuwa pembeni kabisa.

Alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia, bibi wewe? Shida ilikuwa ncha tu."

Basi nimeendelea. Karatasi za shabaha naziendea mwenyewe, nikirudi mikono mitupu nasema upepo umezichana.

Jana alirudi kutoka mjini akipiga mluzi. Amejiandikisha kwenye mashindano ya Agosti, na amewaita watoto wetu wote waje kumwona. Huko shabaha wanasoma waamuzi, na alama wanazitangaza kwa kipaza sauti.

Ameniomba nimpigie pasi shati lake la bluu. Nimelipiga.

Dada yako asiyejua la kufanya,
LaVonne