Mikono Yangu na Maji ya Chepkosgei

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa maana siku hiyo natarajiwa Sigor kumposea mwanangu Masese binti aitwaye Chepkosgei, na mimi nashuku kwamba binti huyo ananidhuru. Mimi ni Mkisii, mwalimu mstaafu, nilifukuzwa Chepalungu na vita vya kikabila vya 1992 nikabeba godoro na kasha la vitabu, nikatua hapa Litein, na hadi leo naukumbuka mparachichi wangu wa kule tawi kwa tawi, kwa hiyo niliposikia msichana anatoka Sigor, huko huko Chepalungu, nilishtuka. Tangu Aprili, kila akija hunimiminia maji ninawe kabla ya kula, kwa sabuni ya maji aliyoninunulia mwenyewe, na kesho yake vidole vinawasha, vinatoa malengelenge, vinapasuka. Si majani chai, maana niliacha kuchuma mwaka jana. Nikakwepa maji yake, nikanunua vile vitambaa vyenye unyevu vya pakiti, nikawa najipangusa kimyakimya, na mikono ikazidi kuharibika. Wiki jana Masese alipaka sebule rangi kwa ajili ya wageni, nikaamka kope zimevimba, na Chepkosgei hakuwapo, lakini Jumapili alikuwa amekalia kiti changu. Nilipomweleza Masese alicheka: "Haki, Mama, sasa ameroga mpaka ukuta?" Sikucheka. Nimenakili maandishi ya chupa na pakiti nikitafuta sumu, sikuiona. Kuna methylchloroisothiazolinone kwenye sabuni na methylisothiazolinone kwenye vitambaa. Nikatae kwenda?

Mongina, Litein

Mwalimu Mongina, pole kwa mikono, na pole kwa mparachichi. Lakini ulichokitafuta umekiandika mwenyewe na hukukiona. Hizo mbili ni dawa za ukoo mmoja, huwekwa ili bidhaa zisioze, na ngozi ikishaikataa moja, mara nyingi huikataa na nduguye. Rangi nyingi za maji zina dawa za ukoo huo huo, na hewa ya chumba kilichopakwa juzi yaweza kuvimbisha kope. Ulimkimbia Chepkosgei ukakimbilia pakiti, ukajipaka kitu kile kile kutwa nzima, kisha lawama ukamtupia yeye!

Mimi si daktari, na naweza kukosea. Kwa hiyo weka kando sabuni hiyo na vitambaa leo. Hama sebule, fungua madirisha. Nawa kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, baada ya kusoma karatasi yake. Kisha peleka chupa, pakiti na mkebe wa rangi kwa daktari wa ngozi, umwombe kile kipimo cha kubandikwa dawa mgongoni.

Chepkosgei mwambie mwenyewe, usimtume Masese. Binti amekuwa akikuchagulia sabuni nawe ukimhesabia makosa ya watu wa 1992, na wakati huo hata hakuwa amezaliwa.

Jumamosi nenda Sigor na kipande chako cha sabuni mkobani. Mama yake Chepkosgei akileta maji, mpe hicho kipande, mweleze sababu, kisha unyooshe mikono yote miwili, na vidonda vyake, akumiminie.