Ile Damu ya Chooni Ni Yangu

Mama watoto,

Maharage yako jikoni, moto nimepunguza, uyaangalie yasiungue. Lile beseni la bluu msifulie tena. Huwa nalikalia likiwa na maji ya uvuguvugu.

Asubuhi ulipomgombeza binti yetu kwa kuacha damu chooni, mimi nilikuwa nimesimama nakunywa chai. ~~Sikujua ni ya nani.~~ Nilijua ni yangu. Nina bawasiri. Kutwa niko kwenye usukani, maji sinywi ili nisisimamishe lori ovyo, choo kinakuwa kigumu, najikamua mpaka kinyama kinatokeza, kinawasha na kuvuja damu. Mfamasia alinipa dawa ya kupaka, akasema nile mboga na matunda, ninywe maji, na damu isipokoma nikapimwe. Haikukoma, nikaona haya kwenda. Leo naenda.

Mtoto ametoka kwenda shule bila kugusa chai, nami, mwanamume mzima, nimefyata ulimi. Akirudi mwambie ukweli. Hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe jioni, na radhi nitamwomba nikiwa nimesimama, maana kukaa bado siwezi.

Baba watoto