Doa la Uyoga Kwenye Kadi Yako

Shikamoo Mama,

Hilo doa la kahawia si chai. Jana, tukitoka palizi kwenye shamba la ujamaa, niliokota uyoga nikamtambia Mama Hoza, mwenyeji wangu: "Huu ndio anaoupika mama yangu Muheza!" Hakubisha, aliomba tu karatasi nyeupe. Nilikuwa na kadi hii peke yake. Akailaza kofia ya uyoga juu yake, akaifunika bakuli. Leo asubuhi tukakuta vumbi la kahawia lililodondoka kutoka kwenye kofia.

"Tunaokula sisi hauachi rangi hii, mwanangu," akasema, akautupa wote.

Tumekula maharage. Kumbe uyoga wako sijawahi kuutazama, miaka yote nilikuwa naula tu. Nikirudi unipeleke shambani unionyeshe. Baridi ya Lushoto inanizidishia hamu yako.

Mwanao, Rehema