Mashine ya Sukari Yaniita Mwongo

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako nikiwa na hasira, na unisamehe mwandiko.

Mimi ni mama wa duka hapa mtaa wa Baba Dogo, niligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1996, na mwaka jana tukaanzisha kikundi chetu cha wagonjwa, tunakutana kila Jumamosi asubuhi kabla mtu hajatia kitu mdomoni, nyumbani kwa mwenyekiti wetu Mama Mulongo, ambaye mwanawe alimletea ile mashine ndogo ya kupima tone la damu ya kidole, na kila mtu ana mwenzake wa kumtia moyo, wangu ni Salme, jirani yangu mlango kwa mlango. Namba inasomwa kwa sauti na kuandikwa daftarini. Wenzangu wanapata saba, nane, wanapigiwa makofi, mimi kumi na sita, kumi na saba, wiki baada ya wiki, na Mungu ni shahidi yangu nalala nimekula ugali kidogo na sukuma, chai yangu haijaona sukari tangu nigunduliwe, asubuhi sili chochote, naamka, naswali, nafungua gunia na kupakia sukari robo robo kwenye karatasi kwa ajili ya wanaokwenda viwandani, nikimaliza najipangusa mikono kwenye leso na kukimbilia kwa Mama Mulongo nisichelewe. "Mama Ridhwan, mashine haina chuki na mtu," ananiambia mbele ya wote. Hospitalini walinitoa damu ya mkono kwa sindano wakapata saba, nikamwonyesha karatasi, akasema, "Siku ya hospitali ulijifunga mdomo. Sisi ndio tunakujua."

Mbaya zaidi, daktari alisoma daftari lao, akasema ile saba ni ya siku moja na daftari ni la miezi, akaniongezea kidonge, sasa vimekuwa viwili kila asubuhi. Tangu hapo ikifika saa nne natokwa jasho na kutetemeka, na Jumatano miguu iliishiwa nguvu nikaanguka nyuma ya kaunta, mteja akanikorogea chai ya sukari, nikapata nafuu, na papo hapo Salme akaingia, akaona sukari na kijiko, akageuka bila salamu. Kufika alasiri kikundi kizima kinajua. Nimefukuzwa "mpaka nijifunze kusema ukweli". Daktari sijamwambia kwamba nilianguka, atadhani natafuta visingizio. Nimeamua kuanzia leo sili chakula cha jioni mpaka Jumamosi, niende na njaa yangu wanipime, waaibike. Nifanye nini na watu hawa?

Mama Ridhwan, Baba Dogo


Mama Ridhwan,

Kula chakula chako cha jioni leo. Hilo kwanza, mengine baadaye. Mtu anayemeza vidonge viwili vya kushusha sukari kisha akalala njaa ili awaaibishe majirani, atawaaibisha kweli, kwenye matanga yake.

Nimekasirika nawe, na wenzako nimewakasirikia zaidi. Vidole vilivyopakia sukari tangu alfajiri ndivyo unavyompa Mama Mulongo avitoboe. Leso haiondoi sukari. Chembe usizoziona zikichanganyika na lile tone la damu, mashine inazihesabu zote kuwa zako. Nilimuuliza muuguzi mmoja ninayemwamini, akacheka, kisha akanuna. "Kwani hawanawi?" Naona hawanawi. Najua mifereji ya huko hukauka, lakini kikundi chenye mashine kinashindwaje na mtungi mmoja wa maji na kipande cha sabuni?

Mimi si daktari, siwezi kuapa. Lakini damu ya mkono ilisema saba, na mwili unaotetemeka saa nne unakubaliana nayo. Kesho asubuhi na mapema rudi kwa daktari, usingoje tarehe ya kadi. Mwambie ulianguka, mwambie mikono yako inafanya kazi gani, na umuulize kabla ya kumeza kile kidonge cha pili. Kumficha daktari kwa kuogopa kuitwa mwongo ni ujinga, na wewe si mjinga.

Jumamosi rudi kikundini. Usiombe ruhusa. Beba maji yako na sabuni, nawa mbele yao, kausha vizuri, ndipo upimwe. Namba ikibaki juu, kaa mtafute sababu pamoja. Ikishuka, Mama Mulongo akuombe radhi kwa sauti ile ile aliyosomea namba zako.

Na wewe Mama Mulongo, najua gazeti hili linafika Baba Dogo. Hicho ni kikundi cha wagonjwa, si mahakama. Mwenzenu akipata kumi na saba anaulizwa amelalaje, amekula nini, ameshika nini. Hamkumuuliza hata moja, mkapiga makofi kwa wengine.

Salme nimemwacha mwisho, maana yeye ndiye aliyekuumiza. Usimnunie. Mweleze kwamba ile chai aliyoiona ndiyo iliyokuinua ukaweza kuandika barua hii. Na siku nyingine akikukuta unatetemeka, asikimbie kwenda kusema. Ashike kijiko yeye mwenyewe, akukorogee, akae nawe mpaka kikombe kiishe.